Benchi la Maumivu

Siku ya Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, zamu ya usiku ilipokwisha kukabidhi funguo za kabati la dawa na kwenda zake, muuguzi Mürvet alinawa mikono hadi viwikoni, akaikausha, akamimina kiganjani mafuta ya lozi yaliyotiwa matone machache ya lavenda, akayasugua mpaka yakapata joto. Kisha akafunua shuka la kitanda cha pili na kuanza kuuchua mguu wa kushoto wa Mzee Tahsin. Alianzia mguuni kwa sababu sehemu nyingine zote za Mzee Tahsin zilikuwa zimeshikwa na mirija, plasta na nyaya, na muuguzi mwenye akili huanzia palipo wazi.

Dakika ya saba, maumivu ya Mzee Tahsin yalishuka kitandani. Yalikuwa na kimo cha stuli, rangi ya majivu, na sura ya Mzee Tahsin mwenyewe asubuhi kabla hajanyoa ndevu. Yalisimama sakafuni kidogo yakinyoosha mgongo, maana yalikuwa yamekaa siku tisa katikati ya mbavu nne zilizovunjwa na trekta, na huko hakuna nafasi ya kujigeuza. Mürvet akayaonyesha mlango kwa kidevu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Yakavaa vifuniko vya viatu vya plastiki, ingawa vile viliwekwa kwa ajili ya wanaoingia, yakatoka na kuketi kwenye benchi la korido kando ya ndugu wa wagonjwa. Mapigo ya moyo ya Mzee Tahsin yakashuka kutoka mia na kumi na nane hadi themanini na nne. Mürvet akahamia mguu wa kulia.

Pale koridoni mama mmoja alisogea kuyapisha. Mwanamume wa pembeni akatoa chupa ya marashi ya ndimu mfukoni na kuyamiminia viganjani, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote katika mji wa Gülderesi na mkoa mzima wa Isparta. Mwingine akaleta chai kwenye bilauri ndogo, vipande viwili vya sukari pembeni.

"Karibu. Umetoka kwa nani?"

"Kwa Tahsin."

"Wa trekta?"

"Huyohuyo."

"Pole na kazi," akasema yule mama, na wote wakarudi kuutazama mlango.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwezi wa Mei, na kufikia Julai kila mtu alikuwa ameujua utaratibu. Maumivu yalikaa benchini mpaka adhana ya alasiri. Ilipoadhiniwa yaliinuka, yakashukuru kwa chai, yakashuka ngazi moja moja hadi kituo cha mabasi madogo, na hapo hayakuonekana tena. Hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi, kwa sababu mgeni akishaaga hahojiwi njia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini haya hayakumchosha mtu hata siku moja. Wakati mwingine mgonjwa aliotesha mengine mapya usiku, na Mürvet akaanza upya. Wakati mwingine hakuotesha.

Mürvet alijivunia jambo hili, na hakuona haya kujivuna. Alikuwa na miaka thelathini na minane, bega moja limeshuka kwa kugeuza watu wazito, na mikono aliyoirithi kwa mama yake, ambaye alikuwa anachuma waridi kabla jua halijakausha umande na kuchemsha lavenda kwenye chungu cha shaba nyuma ya nyumba. Mafuta aliyotumia yalitoka kwenye chungu hicho. Alikuwa amesomea ukandaji huo mjini Isparta kwa wiki sita, cheti chake kimetundikwa jikoni juu ya friji, na kamati ya hospitali ilimruhusu kuwachua wagonjwa kwa sharti kwamba asitumie muda wa kazi. Kwa hiyo alitumia muda wake wa chai. Muda wa chai ulikuwa nusu saa, wagonjwa sita, na yeye peke yake. Na bado, siku ikienda vizuri, alikuwa anaitoa wodi nzima maumivu kabla ya adhuhuri. Nani mwingine katika mkoa ule angeweza? Alijiuliza hivyo mara nyingi akiwa ndani ya basi la kurudi nyumbani, na jibu lilimfurahisha.

Kilichomuudhi ni karatasi.

Miguuni pa kila kitanda palining'inia karatasi ya mgonjwa, na katika karatasi hiyo palikuwa na safu iliyoandikwa "Maumivu, sifuri hadi kumi". Kila baada ya saa nne muuguzi wa zamu aliijaza. Katika wodi ya wagonjwa mahututi ya Gülderesi safu hiyo ilijazwa sifuri. Sifuri asubuhi, sifuri mchana, sifuri jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Mgonjwa mwenye mrija kooni hasemi, na asiyesema hajasema kwamba anaumwa. Tena kanuni ilitaka kwamba anayezidi tatu aangaliwe kila nusu saa, na muuguzi mmoja mwenye vitanda sita angefanya hivyo kwa miguu ya nani? Sifuri ilikuwa huruma kwa wauguzi. Aliyeianzisha alikuwa Mwalimu Sabahat, mkuu wa wauguzi kwa miaka ishirini na sita, aliyemfundisha Mürvet na wenzake wote kuandika, kutandika na kunyamaza. "Asiyesema, sifuri," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, kalamu sikioni. "Ukianza kukisia utakesha."

Sasa Mwalimu Sabahat mwenyewe alikuwa kitanda cha nne. Alistaafu, akapanda mcheri wake kuchuma tunda la tawi la juu ambalo mtu wa miaka sitini na saba angeweza kuwaachia ndege, tawi likakatika. Nyonga ikavunjika, kisha mapafu yakajaa maji, kisha mrija. Siku ya kumi na moja ilikuwa imefika. Dakt. Orhun alikuwa amejaribu mara tatu kumwachisha mashine ya kupumulia, na mara zote tatu mapigo yalipaa, pumzi zikawa arubaini kwa dakika, mgonjwa akapigana na mrija kama mtu anayezama.

"Ijumaa najaribu mara ya mwisho," Dakt. Orhun alimwambia Mürvet mbele ya kitanda, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu ndivyo wanavyoongea mbele ya wasiosema. "Akishindwa, tunamtoboa shingo na kumpeleka Antalya, kwenye ile nyumba ya wagonjwa wa muda mrefu."

Mürvet aliijua ile nyumba. Watu walikwenda huko na mashine zao. Hakumjua hata mmoja aliyerudi.

"Nipe miguu yake, Daktari," alisema, kwa kuwa mpaka siku hiyo alikuwa amekatazwa kuigusa kwa sababu ya nyonga.

"Miguu chukua," alisema Dakt. Orhun. "Wewe na mafuta yako mmeninyang'anya nusu ya dawa za usingizi, sembuse miguu."

Jumanne Mürvet alimwanza Mwalimu Sabahat. Haikuwa kazi ndogo. Dakika saba zikapita, kumi, kumi na tano, na wagonjwa wawili wakakosa zamu yao siku hiyo. Alichua unyayo, akazunguka kifundo, akapanda hadi muundini, akarudi. Akahamia mkono usiokuwa na sindano na kufungua vidole kimoja kimoja, kwa maana mtu huficha mengi kwenye ngumi. Chumba kizima kilinuka kama uwanja wa nyuma wa mama yake siku ya mavuno. Maumivu yalipokubali kushuka, yalishuka kwa shingo upande. Yalikuwa na nywele zilizobanwa nyuma kama za mwenyewe. Yalipitisha kidole juu ya chuma cha kitanda, yakakitazama kama kina vumbi. Kisha yakaenda miguuni pa kitanda, yakafungua karatasi, yakasoma safu yote kutoka siku ya kwanza, yakaifunga. Yakavaa vifuniko vya viatu, yakatoka.

Koridoni alikuwapo Bi Nebahat, mdogo wake Mwalimu Sabahat, ambaye alikuwa hajaondoka kwenye lile benchi kwa siku kumi na moja ila kwenda kulala. Aliyatambua papo hapo.

"Dada yangu huyu, akiwa na njaa," alisema. Akayapa mkate wa ufuta, akayamiminia chai, akayafuta makombo kidevuni. Mchana kutwa aliyapigia soga kuhusu cheri, jinsi zinavyooza kwenye masanduku, na yenyewe yalisikiliza mikono ikiwa mapajani. Huko ndani Mwalimu Sabahat alilala usingizi ambao mashine iliuandika kwa mistari iliyotulia.

Adhana ya alasiri ilipolia, maumivu yaliinuka na kuaga. Bi Nebahat akayasindikiza hadi kichwani mwa ngazi. Hapo ndipo alipofanya kosa, na alilifanya kwa wema wote. Maisha yake yote Bi Nebahat alikuwa hajaacha msafiri aondoke bila maji ya kumrudisha salama. Alimwaga maji nyuma ya wanawe wakienda jeshini, nyuma ya wapwa zake wakiolewa, nyuma ya basi la mahujaji. Mkono ulikwenda wenyewe. Akafungua chupa yake ya maji, akayamwaga yote kwenye ngazi nyuma ya maumivu ya dada yake, akasema yale yanayosemwa:

"Nenda kama maji, urudi kama maji."

Jumatano saa moja asubuhi yakarudi. Yalipanda ngazi mbilimbili, yamelowa hadi magotini, yakampa Bi Nebahat heshima yake ya asubuhi, yakaingia ndani na kupanda kitanda cha nne. Saa nne Dakt. Orhun alitaka kumpima kidogo kabla ya Ijumaa. Mapigo yalifika mia moja thelathini na sita. Akairudisha mashine, akatikisa kichwa, akaandika.

Mürvet alitoka koridoni na mikono bado ina mafuta.

"Hayajawahi kurudi hivi," alisema. "Yale ni yaleyale ya jana. Nimeyajua kwa nywele. Nani aliyasindikiza?"

"Mimi, mwanangu," alisema Bi Nebahat.

"Ukayafanyia nini?"

"Sikuyafanyia kitu. Nimeyapa chai. Nimeyapa mkate." Akafikiri. "Nimeyamwagia maji."

Elmas, mfanya usafi wa ghorofa ile, alikuwa anapita na ndoo yake ya deki. "Chupa nzima," alisema. "Ngazi zote tatu. Mimi ndiye niliyekausha, nikasema leo kuna bwana harusi gani hapa."

"Shangazi," alisema Mürvet, "maumivu unayamwagia maji yarudi?"

"Mkono, binti yangu. Mkono umezoea. Mtu akiondoka unafanyaje?"

Hakuna mtu benchini aliyemlaumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba asingefanya vilevile. Mwanamume wa marashi ya ndimu akasema kwamba kijijini kwao, kwa mgeni ambaye hawataki arudi tena, huvunja mtungi nyuma yake. Kila mtu alilijua hilo. Mkusanya kodi wa zamani alivunjiwa mtungi. Mume mlevi wa mtu fulani pia. Bi Nebahat aliwasikiliza, akaanza kutikisa kichwa taratibu.

"Sivunji," alisema. "Umeiona sura yake? Sura ya dada yangu. Nivunje mtungi nyuma ya sura ya dada yangu? Na kama mwenyewe naye akasikia, akaondoka?"

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na sasa lilikuwa limesemwa. Mürvet aliketi kando yake kwenye benchi, jambo ambalo wauguzi hawalifanyi.

"Shangazi, nakwambia kile ninachokijua kwa mikono yangu," alisema. "Maumivu si mtu. Yanafanana naye kwa sababu yamekaa kwake. Hata kupe anafanana rangi na ng'ombe. Kesho nitayatoa tena. Ijumaa yakiwapo, dada yako anakwenda Antalya na shimo kooni. Yasipokuwapo, atapumua. Mimi kutoa naweza. Kuyazuia yasirudi siwezi, kwa sababu hayakuzoeana na mimi. Yamezoeana na wewe."

Jioni ile Bi Nebahat aliondoka mapema.

Alhamisi Mürvet alitumia nusu saa yake yote kwa Mwalimu Sabahat, na hakuwatazama wagonjwa wengine machoni alipopita. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba lavenda haiharakishwi, chungu kikichochewa moto mkali hutoa moshi badala ya mafuta, basi hakuharakisha. Dakika ya ishirini na sita maumivu yalishuka. Safari hii hayakupitisha kidole popote. Yalimtazama Mürvet usoni kwa muda, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyepata jibu kwa njia yake mwenyewe, yakatoka.

Bi Nebahat alikuwa amekuja na mfuko wa kitambaa uliofungwa juu. Aliyapa maumivu chai, kwa sababu chai hainyimwi mtu, lakini hakupiga soga. Ilipoadhiniwa alasiri, watu wote wa benchi wakasimama. Maumivu yakaaga na kuanza kushuka. Bi Nebahat akafungua mfuko na kutoa mtungi wa udongo wa mama yao, uliokuwa na ufa mmoja mdogo shingoni na miaka hamsini ya maji ya baridi. Mwanamume wa marashi akataka kumsaidia kuushika, akamkataza kwa macho. Alingoja maumivu yafike kwenye kona ya ngazi. Akayaita kwa jina la dada yake, lile la utotoni, akaupiga mtungi sakafuni.

Mlio ulifika hadi maabara. Maumivu yaligeuka kwenye kona, yakatazama vigae, yakamtazama Bi Nebahat, na yakainamisha kichwa mara moja, jinsi Mwalimu Sabahat alivyokuwa akiinamisha kichwa kwa shuka lililotandikwa vizuri. Kisha yakaendelea kushuka. Elmas akaleta ufagio.

"Jana maji, leo vigae," alisema. "Kesho leteni na ng'ombe mchinje hapa."

"Tukipona, tutaleta," alisema Bi Nebahat, akaketi na kulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya mcheri.

Ijumaa asubuhi hayakurudi. Saa nne Dakt. Orhun alipunguza mashine, na Mürvet alikuwa ameshika miguu ya Mwalimu Sabahat, akiichua polepole kwa kidole gumba, macho yake kwenye kioo cha mapigo. Themanini na nane. Tisini. Themanini na sita. Pumzi kumi na nane kwa dakika, na zote ni zake. Saa mbili zikapita hivyo. Daktari akauchomoa mrija. Mwalimu Sabahat alikohoa, akakohoa tena, akatema, akafuta mdomo mwenyewe kwa mkono wa kulia. Mürvet alihisi fahari ikimpanda kutoka vidoleni hadi masikioni, fahari kubwa kiasi kwamba alilazimika kukaza taya asicheke. Mtu amepumua, na mikono yake ilikuwapo.

"Unajisikiaje, Mwalimu?" aliuliza Dakt. Orhun.

Sauti ilitoka kama mlango wa ghala. "Karatasi."

Mürvet akamletea. Mwalimu Sabahat aliomba miwani, akasoma safu yote ya siku kumi na nne, akilamba kidole kugeuza.

"Nani kaandika hizi?"

"Mimi, Mwalimu. Na wenzangu wa zamu nyingine."

"Sifuri zenu nzuri. Zimefungwa vizuri."

"Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Ndiyo." Akapumzika kidogo, maana maneno mawili yalimchosha. "Niliumwa, Mürvet."

"Najua, Mwalimu. Niliyaona yakitoka."

"Miaka ishirini na sita nimetandika vitanda hivi," alisema Mwalimu Sabahat. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nipe kalamu."

Alizipitia zote. Juu ya kila sifuri aliandika tisa. Siku ya mcheri aliandika kumi, na Jumanne na Alhamisi jioni akaandika moja, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Chini kabisa akatia saini yake ya zamani ya mkuu wa wauguzi, yenye mkia mrefu.

Karatasi ilishuka ofisini, na Jumatatu Bwana Fikret wa utawala akapanda nayo. Bwana Fikret hakuwa mtu mbaya. Alifika wakati benchi limejaa, na nafasi pekee ilikuwa kati ya maumivu ya kitanda cha kwanza na maumivu ya kitanda cha sita, akaketi hapo, akapokea marashi viganjani, akapokea chai. Aliyauliza maumivu ya kitanda cha sita kama yanakaa vizuri. Yakasema yanakaa vizuri, isipokuwa mgongo. Mürvet alipotoka, Bwana Fikret alisimama kwa heshima.

"Dada Mürvet, hii karatasi haiwezi kuingia," alisema. "Mgonjwa haruhusiwi kuandika kwenye karatasi yake mwenyewe. Nimeipiga upya kama ilivyokuwa."

"Kwa sifuri?"

"Kama ilivyokuwa."

"Bwana Fikret, umekaa nayo benchi moja. Umekunywa nayo chai."

"Nimekunywa. Yana adabu sana."

"Basi yaandike."

"Nikiandika nane, kanuni inataka yaangaliwe kila nusu saa. Nani atayaangalia?"

"Muuguzi wa pili."

"Hakuna muuguzi wa pili. Wizara inapeleka muuguzi wa pili pale tu ambapo karatasi zinaonyesha kuna maumivu."

"Na karatasi zinaonyesha sifuri kwa sababu hakuna muuguzi wa pili."

"Ndiyo hivyo," alisema Bwana Fikret, akafurahi kwamba ameeleweka haraka.

Siku hiyohiyo Mürvet aliandika ombi. Aliliandika kwa mkono, bila matusi, ingawa matusi yalikuwapo karibu. Alieleza kwamba maji yamezidi unga. Kwamba vitanda ni sita na mtu ni mmoja. Kwamba maumivu yanayotoka kwa muda wa chai ni yale yaliyobahatika, na mengine hubaki ndani mpaka kesho yake. Watu wote wa koridoni wakatia saini. Dakt. Orhun akatia saini. Maumivu matano yaliyokuwa benchini siku hiyo yakatia dole gumba, na madole yao yaliacha alama za mafuta ambazo zilinukia lavenda hata bahasha ilipofungwa.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Yalianza kwa kumpongeza muuguzi Mürvet kwa kazi yake, iliyoiletea hospitali sifa, na pongezi hizo zilikuwa za kweli. Yakaendelea kusema kwamba kwa kuzingatia ombi hilo, na baada ya kuthibitisha kwa macho msongamano uliopo koridoni, uongozi umeamua kuchukua hatua. Siku ya pili yake mafundi wawili walipanda ngazi na benchi la pili. Lilikuwa benchi zuri, la mti wa mjozi, na lina mahali pa kuegemea mgongo. Maumivu ya kitanda cha sita yalikuwa ya kwanza kuketi, yakasema afadhali.

Mürvet alilitazama lile benchi kwa muda mrefu kuliko linavyostahili kutazamwa benchi. Wenzake walidhani ataacha. Mama yake kijijini alisema hivyo waziwazi: "Rudi uchemshe lavenda, mwanangu, angalau chungu kinashukuru." Lakini Mürvet alijua kitu ambacho karatasi haikijui. Wiki ile peke yake, mara ishirini na moja mgonjwa alikuwa amelala usingizi wa mchana bila kukunja uso. Angeuacha ubingwa huo kwa nani? Aliongeza chupa mbili za mafuta kabatini na kuanza kunywa chai yake akiwa amesimama.

Mwalimu Sabahat alirudi nyumbani Agosti, kwa fimbo, na tangu hapo alikuja hospitalini kila Jumanne. Hakuja kutibiwa. Alikaa kwenye benchi la pili akiwa na nywele zilizobanwa nyuma, mdogo wake kando, na maumivu yalipotoka wodini na kuvua vifuniko vya viatu, aliyaita yaje yasimame mbele yake, moja baada ya jingine.

"Wewe ni ngapi?" aliuliza.

"Nane," yalisema maumivu ya kitanda cha pili.

"Wewe?"

"Sita."

"Na wewe wa tano, mbona unatazama chini? Sema kweli."

"Tisa," yalisema maumivu ya kitanda cha tano, na yalionekana kupumua.

Mwalimu Sabahat aliyashukuru, akayaonyesha chai ilipo. Hakuwa na karatasi, kwa hiyo alifanya alichoweza: aliinua sauti yake, ile iliyowatetemesha wanafunzi miaka ishirini na sita, akaipeleka ndani kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Kitanda cha pili, nane! Cha tatu, sita! Cha tano, tisa, na yalitaka kunidanganya!"

"Nimesikia, Mwalimu," aliitikia Mürvet kutoka ndani kwa kila moja, jinsi muuguzi wa zamu anavyotakiwa kuitikia. Alisimama miguuni pa vitanda na kalamu, akaandika sifuri, sifuri na sifuri, akazitundika karatasi mahali pake.

"Na cha sita?" aliuliza Mwalimu Sabahat. "Cha sita kimya kwa nini?"

"Bado yako ndani, Mwalimu," alisema Mürvet, akamimina mafuta kiganjani. "Yapisheni nafasi, nayaleta."